Paji la Mjane

Siku ya pili ya msiba, wanawake waliojaa mkekani hawakuacha kumtazama Ruzuna usoni. Machozi yalikuwa yamemkauka usiku wa kwanza, na paji lake lilibaki nyororo kama la bibi harusi. Wiki tatu kabla mumewe hajafa, alichomwa pajini sindano za kuondoa makunyanzi, zinazolizuia paji lisikunjike, ili apendeze kwenye harusi ya bintiye.

"Zitadumu miezi minne," daktari alimwambia. "Ila jihadhari na joto, litazimaliza mapema."

Wifi yake, Mwanakombo, hakunong'ona. "Kaka yangu kafa, na huyu hata uso hakunji!"

Ruzuna aliinuka. Mjane wa siku mbili hatoki chumbani, lakini yeye aliwapita wote mpaka uani, akafunua sufuria kubwa la wali wa msibani, akauinamisha uso kwenye mvuke na kuuacha humo.

"Mmemwona?" Mwanakombo aliita kutoka mlangoni. "Kaburi bado bichi, naye kashaufuata ubwabwa!"

Ruzuna aligeuka. Mashavu yalikuwa yamebabuka, lakini juu ya macho paji lilitulia tuli, kama la mtu aliyeshiba akalala.