Darasa Lisilopepesa Macho

Msichana wa mstari wa mbele alifunika uso kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole. Mhadhiri akafurahi. Ndiyo kwanza alikuwa ametaja faragha.

"Naam!" alisema, akipaza sauti ili kuishinda ngurumo ya injini iliyosumbua kila mara huko nyuma ya jengo. "Nani anakutazama wakati wewe hujui kama unatazamwa?"

Hakuna aliyepepesa macho. Darasa zima lilikodoa macho mbele, midomo wazi, na juu ya ubao Jicho lilikuwa likirekodi yote.

Jicho ni kamera. Chuo kilikuwa kimefunga moja kila darasa ili zihesabu nyuso zilizoinuka na nyuso zilizoinamia simu, kisha kila somo lipewe alama ya usikivu. Somo litakalofeli litafutwa, na mwalimu wake atakwenda na maji. Mhadhiri ndiye aliyepinga kuliko wote. Kupinga ndiyo kazi yake: alifundisha Mada Maalumu ya Teknolojia, Data na Jamii, na kila mwaka alihubiri kwamba mashine humwona mtu bila kumjua. Mkuu wa kitivo, mama asiye na maneno mengi, alimsikiliza kwa adabu, kisha akamhamishia chumba cha mwisho kabisa, kilichokuwa stoo ya viti, ubao umetundikwa kati ya madirisha mawili mapana. Akampa na saa za mchana, baada ya chakula, wakati hata nzi husinzia.

Alijua ameshachimbiwa kaburi. Mkataba wake ulikuwa unaisha na muhula, na kwa umri wake hakuna chuo kingine ambacho kingemwokota. Usingizi ulimpaa.

Halafu alama zikaja. Somo lake lilikuwa la kwanza chuo kizima, limewaacha mbali hata wale wa udaktari wanaopasua maiti mbele ya wanafunzi.

"Jicho lina hitilafu," alisema siku hiyo. Alama zilipotoka tena, akasema suala hili linahitaji utafiti zaidi. Zilipotoka mara nyingine, akanunua tai.

"Wanaganda, mke wangu," alijigamba mezani. "Nawasomea makala yangu neno kwa neno, wao wanauma kucha! Juzi nimefika kwenye upendeleo wa algoriti, wakaguna wote kwa pamoja kama watu waliofiwa."

Mkewe alikuwa akijikanda shingo. Siku hizi shingo ilimsumbua sana. "Si wewe uliyesema kamera haijui yaliyo moyoni?"

"Hii inajua."

"Haya, Profesa. Nipitishie chumvi."

"Na hiyo shingo, badilisha mto," alisema Mhadhiri, ambaye hakuwa profesa, lakini hakusahihisha.

Basi akawa mtu mwingine. Mbele ya wenzake alianza kulisifu Jicho kwa sauti ileile aliyolilaani nayo. Darasani alisimama na tai yake, miwani puani, mgongo dirishani, akisoma karatasi zile zile zilizowalaza wanafunzi wa miaka yote iliyopita. Siku moja jua lilimsumbua, akanyoosha mkono afunge pazia. Darasa lilipiga yowe.

"Tafadhali, mwalimu!" Kiongozi wa darasa alikuwa amesimama. "Acha tu wazi. Mwanga unatusaidia kufikiri."

Mhadhiri aliguswa. Aliacha wazi.

Siku ya mhadhara wa mwisho aliwakuta wamemtangulia, wanagombea viti vya mbele. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa vijana wa uhandisi ambao hawakuwa hata wamejiandikisha.

"Leo ndiyo leo, mwalimu," kiongozi wa darasa alimnong'oneza. "Usichelewe kuanza."

Alianza. Alipofika katikati ya hitimisho, wote walikuwa wamesogea ukingoni mwa viti. Kijana mmoja alikuwa akisali. Msichana wa mstari wa mbele alimshika jirani yake mkono, akaubana.

"Na mwisho wa yote," Mhadhiri alisoma, "binadamu hapimiki!"

Chumba kililipuka. Walisimama wote, wakapiga makofi, miluzi, vigelegele. Vijana wa uhandisi walikumbatiana. Msichana wa mbele alilia machozi ya kweli. Mhadhiri alivua miwani akaifuta, kwa maana naye alikuwa hajiwezi, kisha akainama kushukuru.

Hakuwa hata amefika getini, mkuu wa kitivo akampigia simu.

"Alama kama hii sijaiona. Mkataba tumeurefusha, ilimradi usikivu usishuke. Na hiyo stoo unahama, nakupa ukumbi mpya. Kiyoyozi, viti laini, na hauna hata dirisha moja la kuwapotezea wanafunzi mawazo."

"Asante sana, mama. Asante sana."

Alifika nyumbani anapaa. Mkewe alikuwa mlangoni, anacheka peke yake, na kabla mume hajafungua kinywa akamrukia shingoni.

"Nimefaulu! Mtihani wa udereva, nimefaulu! Miezi yote hii nakuficha, maana ungenicheka. Si unakijua kile kiwanja cha nyuma ya chuo chenu? Yale mapipa nimeyagonga mpaka yamenizoea. Leo nimerudi kinyumenyume katikati yake, sijagusa hata moja! Na ungewaona, mume wangu! Kuna darasa pale dirishani wananitazama tangu siku ya kwanza. Leo wamesimama wote, wananipigia makofi, kuna msichana mpaka analia. Mwalimu wao, maskini, namwona mgongo tu, hata sijui ni nani."