Shujaa wa Chumba cha Mwisho

"Uongo," alisema mzee mwenye kofia pana, mbele ya wageni wote.

Hilo lilikuwa pingamizi lake la tatu tangu asubuhi. Kule kwenye majabali alidai mwongoza wageni hajui hata mkondo wa bahari unapita wapi. Kwenye mikoko alimkata kauli, watu wakacheka. Mwongozaji, binti wa watu, akameza hasira, maana kazi ni kazi. Lakini sasa walikuwa ndani ya gereza la kale, chumba cha mwisho, na hapa hakuwa tayari kuchezewa.

"Uongo upi?"

"Huyo shujaa wako. Hakufia humu."

Wageni waliguna. Mwongozaji alimsogelea.

"Mzee, huyo ni baba yangu mzazi! Walimkamata mimi nikiwa tumboni. Walimtesa, akakataa kuwataja wenzake, akafia kwenye sakafu hii hii. Watoto wa shule wanaletwa hapa wasikie habari zake. Wewe nani hata uje kumpaka matope?"

"Aliwataja. Wote saba. Siku ya tisa wakamfungulia mlango, akapanda boti, akatokomea."

"Kwani ulikuwepo?"

Mzee aliinama kwenye giza la pembeni, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mikwaruzo ya siku tisa ukutani, ile ambayo wageni huonyeshwa kwa tochi.

"Toa mkono wako hapo!"

Alikuwa amelilinda jina hilo miaka kumi na tisa ya kazi. Kwa jina hilo mama yake aliheshimiwa mtaa mzima, mpaka siku walipomzika. Leo mjuaji mmoja, ametoka huko atokako, aje alifute mchana kweupe? Thubutu! Akamwita mlinzi.

"Mtoe nje huyu. Na asikanyage hapa tena, mnafiki mkubwa!"

"Mtu mzima hana haya," mama mmoja alisema, na wenzake wakaitikia kwa kusonya.

Mlinzi alimshika mzee mkono. Hakufurukuta. Alipofika mlangoni aligeuka, akamtazama mwongozaji kuanzia nywele hadi viatu, kisha akarudi usoni na kukaa hapo. Ubishi wote ulikuwa umemtoka.

"Kwa hiyo mama yako alikwambia nimekufa."