Nani Amefuta Ripoti ya Matangi?

"Usiguse kitu," Hemkala Bastola alimwambia Purna. "Weka mikono mapajani niione."

Purna akaweka mikono mapajani. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kiwanda kizima cha maziwa kilimwita Kaka Purna, hata meneja. Asubuhi hiyo Hemkala, mkuu wa ripoti, alikuwa amemvua huo ukaka bila kusita.

Nje, wafugaji walikuwa wakigonga madumu yao getini. Jana tangi namba tatu liliacha kupoza, na lita elfu kumi na moja za maziwa zikachacha na kumwagwa mtaroni. Mafundi walipaswa kulikagua tangu Bhadra mosi, ambayo kwa kalenda ya kizungu ni tarehe kumi na nane Agosti. Waliapa kwamba hawakupata ripoti ya kuwaita, na walikuwa wakisema kweli. Hakuna aliyeipata.

"Niliipanga kwa mkono wangu mwezi wa Asar," Hemkala alimwambia Bwana Regmi, meneja, aliyesimama nyuma ya kiti chake. "Siku ikifika, kompyuta iitume yenyewe. Nilikufungulia ukaiona, bosi. Sasa tazama."

Akafungua ghala la ripoti, lile ambalo kila ofisi hutupia kazi zake humo na kusahau. Akaandika "matangi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Majina tisini yakajipanga. Akachuja zibaki zile zinazojituma zenyewe tu, zikabaki arobaini. Akachuja tena, zibaki za kutumwa Agosti hii.

Skrini ikawa nyeupe.

"Haipo," alisema. "Na ripoti haijifuti. Wenye ruhusa ya kufuta ni watatu. Mimi siwezi kuitupa kazi yangu. Wewe, bosi, samahani, hata kuingia humu hujui."

Bwana Regmi alikohoa.

"Amebaki huyu. Tangu nipewe cheo alichokuwa akikimezea mate, hanitazami usoni. Ameona aniharibie."

"Sijafuta kitu, dada," Purna alisema.

"Mimi si dada yako."

Barua ya kufukuzwa ilikuwa tayari mezani, imebakiza saini ya meneja. Purna alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Kwa kanuni za kiwanda, anayefukuzwa kwa kuharibu kazi ya kampuni hapati pensheni, na mkewe alikuwa hospitalini kwa mwezi wa pili. Hemkala aliyajua yote hayo. Alikuwa amekula kwao mara ngapi, wakati anajifunza kazi. Lakini hasira ni kitu kibaya, ikishapata mtu wa kumwangukia haitaki kusikia habari za chakula cha zamani.

"Bosi, wale watu getini wanataka jina," alisema. "Mwenye kosa aondoke leo leo. Angekuwa baba yangu mzazi ningesema hivyo hivyo."

Bwana Regmi akatoa kalamu mfukoni.

"Toa vichujio," Purna alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Acha ripoti zote zionekane, halafu uzipange kwa tarehe ya kutumwa."

Hemkala alicheka, kicheko cha kumkata mtu.

"Wewe unifundishe mimi kutafuta? Bosi, unajua huyu alifanya nini mwaka jana? Alitafuta barua za wafugaji za 2079, mashine ikampa karatasi tupu, akaja kwangu mbio kuniambia kompyuta imekufa. Miaka sita yuko kwenye kiti hicho na bado anaiandikia mashine mwaka wa kalenda ya ukutani. Mashine inahesabu kizungu, Purna. Kwetu ni 2080, kwake bado ni 2023. Mwanangu yuko darasa la tatu na analijua hilo."

Masikio ya Purna yaliwaka. Wahasibu wawili waliokuwa mlangoni waliinamisha vichwa ili wasionekane wakicheka.

"Toa tu vichujio," alisema.

"Ziko elfu nne humo. Tutakaa hapa mpaka lini? Anatafuta muda, bosi. Tia saini."

Bwana Regmi aliigusisha kalamu kwenye karatasi, kisha akaiinua. Yeye na Purna waliajiriwa mwaka mmoja, wakabeba madumu pamoja kabla hakijanunuliwa kiwandani hata kiti kimoja chenye magurudumu. Mkono ulikataa.

"Vitoe," alisema.

"Bosi, mimi ndiye mkuu wa..."

"Nimesema vitoe."

Hemkala alivitoa, kimoja kimoja, akikibonyeza kitufe kama anayeua chawa. Ripoti zote elfu nne na kitu zikarudi.

"Haya. Nipange vipi, mwalimu?"

"Kwa tarehe ya kutumwa," Purna alisema. "Ya mbali kabisa ianze juu."

Hemkala akabonyeza. Kisha akakunja mikono, akaugeuza mgongo kwenye skrini na kumkazia Purna macho. Alitaka kuuona vizuri uso wa mwongo wakati meneja akisoma.

Bwana Regmi aliinama, akausoma mstari wa kwanza polepole.

"Ukaguzi wa Matangi ya Kupozea. Imeandaliwa na Hemkala Bastola. Hali yake, inasubiri siku ifike." Akaisogeza miwani puani, akausogelea zaidi mwanga wa skrini. "Itatumwa tarehe kumi na nane Agosti, mwaka 2080."