Kidarubini cha Ubavuni

Mwalimu wa sayansi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kichujio cha kukinga macho alikikagua mara tatu kabla ya kuwaruhusu watoto walitazame jua kwa darubini, na foleni ikazunguka uwanja.

Alipoinama kuirekebisha darubini, akanusa kitu kinaungua. Kola ya shati lake ilikuwa na tundu dogo jeusi, kama la sigara.

Ndipo alipokumbuka. Kile kidarubini cha kulengea, kilichopachikwa ubavuni mwa darubini, hakukifunika wala kukiwekea kichujio.

“Nani amechungulia hapa?”

Msichana wa darasa la nne akanyoosha kidole.

“Mimi, Mwalimu. Huku hakukuwa na foleni.” Akalifikicha jicho la kulia, akamtazama. “Hili doa jeusi lililofunika uso wako litaondoka saa ngapi?”