Paka Anayeringa

Bwana mifugo aliyekuja Mtunda kuchanja mbwa na paka alimpanua mdomo paka wa Semeni, akamwita mwanamke huyo asogee.

"Hebu tazama mwenyewe, dada."

Jino la nyuma lilikuwa jeusi, ufizi umevimba, usaha unachuruzika.

"Anakula huyu?"

"Anaringa tu," Semeni alijibu, sauti ikimfifia. "Dagaa anawanusa, anawaacha. Nikasema kashiba, ndiyo maana panya wanatumalizia mpunga. Nikamnyima chakula ili awinde."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Haringi, dada. Anaumwa. Kesho nitakuja na dawa ya ganzi niling'oe. Leo mpe kitu laini."

Mtoto wa Semeni, aliyembeba mgongoni, alikuwa anaota meno. Kila asubuhi Semeni alimpondea wali na samaki, na paka aliyesogea kutazama alifukuzwa kwa ufagio.

Jioni ile aliponda tena, kwenye bakuli lile lile la mtoto, akalisukuma taratibu sakafuni.

"Kula, baba. Nisamehe."

Paka alinusa, akalamba midomo, lakini hakuyaondoa macho kwenye mkono wa Semeni, ule wa ufagio.

Semeni akauficha mkono ndani ya khanga, akasubiri.