Tarakimu Chini ya Mistari

Mdomo wa mwanangu ulikuwa mweupe kwa unga. Pakiti alikwisha kuitafuna, kikabaki kipande kilicholowa mate. Asubuhi ile nilinunua glukosi na sumu ya panya, zote mbili za unga mweupe, na pakiti ya pili sikuiona popote.

Nilimpigia muuza duka.

“Mama, imeandikwaje?”

“Imebaki mistari myeusi tu, na tarakimu chini yake.”

“Basi nisomee hizo. Taratibu, mama.”

Nilikibandika kipande dirishani, nikazisoma moja moja, kidole kikitangulia kama tufundishwavyo katika darasa la watu wazima. Sita iliyokunjamana niliinyoosha kwa ukucha.

Nilisikia akizibonyeza kwenye mashine yake ya mauzo.

“Glukosi hiyo! Mwache alambe!”

Nilikibandua kipande dirishani. Mwanangu akanyoosha mkono, akidai kipande chake.