Mtani Kutoka Pwani

Mwanamume alikuwa amelala kifudifudi juu ya jeneza, ndani ya kaburi, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Waombolezaji wa Goweko walikuwa wakicheka hadi wanajifuta machozi. Mwanamkuu peke yake hakucheka.

Tangu alfajiri, Mkurugenzi Mayala alipokata roho, yeye ndiye Kaimu Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa malale. Mwanamke, tena binti wa mshona kofia wa Ng'ambo, mwenye sauti isiyovuka meza. Nyuma yake walisimama wakubwa wa Wizara waliokuwa Tabora kwa mkutano. Walikuja kuzika, na alijua kwamba walikuja pia kumpima. Kituo hakikuwa na dizeli wala dawa. Hata daktari hakikuwa naye. Wa zamani alihamishwa, na mwenzake aliyepangiwa kutoka Bukoba alikuwa hajafika.

Mzee Mayala alipambana na mbung'o maisha yake yote, na mwishowe mbung'o wakamweza. Alilala majuma mengi, akilishwa kwa kijiko, asiitikie jina lake. Alfajiri ile mkewe, Bi Eustadia, alimgusa akamkuta baridi, kimya. Jua la Oktoba halisubiri mtu. Kabla ya adhuhuri jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari, na Land Rover ya kituo ikalibeba hadi Goweko, kwenye makaburi ya ukoo, ng'ambo tu ya reli.

Mtani alidandia gari lile pale getini, akakaa nyuma karibu na jeneza. Hakuna aliyeshangaa. Mume alipozidiwa, Bi Eustadia alipeleka simu Kisarawe kwa mtani wa mumewe, Mzaramo. Hakuwahi kumwona, alimjua kwa matusi aliyomwandikia mumewe kila Krismasi. Tangu enzi za misafara, Mnyamwezi akifa Mzaramo huja kumfanyia vituko, na Mzaramo akifa Mnyamwezi hulipiza.

Na huyu alijua kazi yake. Shingoni alining'iniza mpira wa kusikilizia moyo, na watu wakavunjika mbavu, kwa kuwa marehemu hakuwa daktari, alikuwa mtu wa utawala, ila alipenda kupita wodini na mpira kama ule shingoni.

"Msimfukie!" mtani alipiga kelele kutoka shimoni. "Hajafa! Nimemsikia garini akigonga!"

"Anagonga anataka chai!" mtu akajibu.

"Jamani, mimi ni daktari!"

"Daktari wa nazi!" mama mmoja akadakia. "Mpime basi kama amenenepa!"

Kicheko kikapanda tena. Hata Bi Eustadia, macho yamemvimba, alitabasamu. Mayala angependa kuzikwa hivi.

Mwanamkuu akafanya ilivyo desturi. Akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akazidondosha kaburini ili mtani aridhike atoke.

Mtani akazirusha nje.

"Sitaki hela! Nataka patasi!"

"Mtani gani anakataa hela?" mzee mmoja akanong'ona.

"Anataka noti huyo. Huwajui Wazaramo?"

Mwanamkuu akainama. Uso wa yule mtu ulikuwa umelowa jasho, midomo inamcheza. Anaigiza vizuri mno, alijiambia. Hata hivyo neno moja tu, fungueni, lilimfika mdomoni, akalimeza. Na hao wakubwa wakicheka, wakisema kaimu wetu ameamini maneno ya mtani?

Mmoja wao akamsogelea sikioni. "Ndugu Kaimu, mtu mmoja shimoni anakushinda. Wafanyakazi wote wale utawaweza?"

Ng'ambo ya miti garimoshi likapiga honi, likiingia stesheni kwa kuchelewa kama kawaida yake.

"Mtoeni," Mwanamkuu akasema.

Vijana wakashuka, wakambeba mikono na miguu, wanacheka, wanamwita shemeji. Alipiga mateke, akamng'ata mmoja. Walipompitisha mbele ya Mwanamkuu akamshika upindo wa kanga.

"Dada, wewe ndiye mkubwa hapa. Sikupi amri, nakuomba. Shuka uweke sikio lako. Sikio tu."

Mwanamkuu akatazama chini. Akavuta kanga yake taratibu, vidole vya yule mtu vikaachia.

"Endeleeni," akasema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ilisikika na wote.

Katekista akafanya ishara ya msalaba. Koleo la kwanza la udongo likaanguka juu ya mbao, kisha la pili. Mtu aliyeshikwa mikono akaacha kupiga mateke. Akaanza kulia, kilio cha kweli, na vijana waliomshika wakatazamana.

Ndipo kutoka upande wa stesheni akaonekana mzee mfupi akikimbia, kofia upande, furushi la nazi begani, na tangu mbali alikuwa akitukana.

"Acheni hapohapo, nyie wachukuzi wa pembe! Garimoshi linanichelewesha, nashuka stesheni naambiwa mnamzika mtumwa wangu bila ruhusa yangu! Bi Eustadia ni yupi? Mimi Twalibu wa Kisarawe, mtani wa mumewe!"

Hakuna aliyecheka. Makoleo yakabaki hewani.

Na katika ukimya ule, chini ya udongo, mtu akabisha hodi.